Harry Ferguson na Trekta Lake Dogo

Mkulima mwenye jembe kali lakini mpini umelegea hawezi kulima vizuri. Akiliinua, chuma hucheza. Akilipiga chini, nguvu zake hupotea njiani. Jembe na mpini havina budi kushikamana hata viwe kama kitu kimoja. Jambo hili hata mtoto wa shamba analijua. Lakini mafundi waliotengeneza matrekta ya kwanza hawakulitia maanani, na watu waliumia, wengine wakafa, kwa sababu hiyo. Mtu aliyelitia maanani kuliko wote alikuwa Harry Ferguson wa Ireland, na hizi ndizo habari za maisha yake.

Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884, mahali paitwapo Growell, katika jimbo la Down, upande wa kaskazini wa Ireland. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watoto 11, na Harry alikuwa wa nne. Alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule, akashika kazi katika shamba la baba yake. Kazi ile hakuipenda hata kidogo. Siku hizo plau, yaani lile jembe kubwa la kukokotwa, ilivutwa na farasi, na mlimaji alitembea nyuma yake kutwa nzima katika matope na baridi. Harry hakuwa na mwili mkubwa, na jioni alirudi nyumbani amechoka kabisa.

Ndugu yake Joe alikuwa na karakana mjini Belfast, akitengeneza baiskeli na motokaa. Mwaka 1902 Harry akamfuata, akawa mwanafunzi wake katika kazi. Huko alipata kitu alichokipenda. Akajifunza injini kwa bidii, hata watu wa mjini wakaanza kumletea motokaa zao zilizowashinda wengine. Alikuwa mtu wa usafi na utaratibu sana: kila chombo kilikuwa na mahali pake, na kila nati ilikazwa kwa kadiri yake, si zaidi wala si pungufu.

Wakati huo habari za ndege zilikuwa mpya duniani. Harry alikwenda kuzitazama zikiruka, akazichungua sana, kisha akarudi Belfast akaunda ndege yake mwenyewe. Tarehe 31 Desemba 1909, huko Hillsborough, alipanda ndege hiyo akaruka kadiri ya yadi 130. Umbali huo si mkubwa, lakini hakuna mtu aliyepata kuruka kwa ndege katika nchi ya Ireland kabla yake. Mwaka uliofuata aliruka karibu maili 3 juu ya pwani ya Newcastle, akapata zawadi ya pauni 100. Joe hakufurahishwa na michezo hiyo ya hatari, na mwaka 1911 Harry akaanzisha biashara yake mwenyewe ya kuuza na kutengeneza motokaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, chakula kilianza kuwa adimu katika Uingereza na Ireland, kwa kuwa meri nyingi zilizokileta zilizamishwa baharini. Serikali ikataka mashamba mengi zaidi yalimwe, na matrekta yakaletwa kutoka Marekani. Mwaka 1917 Ferguson aliombwa na idara ya kilimo azunguke katika Ireland nzima, ayaangalie matrekta hayo na kuwafundisha watu kuyatumia vyema. Alifuatana na fundi wake hodari, William Sands. Wakaenda shamba hata shamba, wakiziweka plau sawasawa na kuwaonyesha wakulima jinsi ya kutunza injini.

Safari hiyo ilikuwa shule kwao. Waliona kwamba trekta na plau vilikuwa vitu viwili visivyopatana. Trekta lilikuwa zito mno, likakandamiza udongo na kuzama katika matope. Plau nayo ilikuwa nzito, ina magurudumu yake yenyewe, nayo ilifungwa nyuma ya trekta kama gari linavyofungwa nyuma ya punda. Mabaya zaidi ni haya: plau ikikwama katika mwamba au kisiki, injini iliendelea kusukuma, magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka, na trekta lenyewe likainuka mbele kama farasi asimamaye kwa miguu ya nyuma. Kufumba na kufumbua, likampindukia dereva. Wengine wetu tungalisema kwamba matrekta ni hatari, basi turudie farasi. Ferguson hakusema hivyo. Aliona kwamba kosa haliko katika trekta wala katika plau, bali katika kiungo kilichoviunganisha.

Mwaka ule ule alitengeneza plau nyepesi isiyo na magurudumu, ya kufungwa moja kwa moja katika mwili wa trekta. Huo ulikuwa mwanzo tu. Kwa miaka mingi yeye na mafundi wake walijaribu, wakaharibu, wakajaribu tena. Mwanzo walitumia mikono miwili ya chuma kuishika plau, na baadaye wakatumia mitatu: miwili chini na mmoja juu katikati. Mikono ya chini huivuta plau mbele. Udongo nao huizuia plau, ikataka kupinduka kuelekea mbele, na hapo husukuma ule mkono wa juu. Msukumo huo huyakandamiza chini magurudumu ya mbele ya trekta, yasiweze kuinuka. Basi nguvu ile ile iliyokuwa ikiwapindua madereva ikageuzwa kuwa mlinzi wao.

Tena, Ferguson aliyatumia mafuta kama mtumishi. Ndani ya trekta aliweka pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu, nayo mafuta huinua au kushusha ile mikono ya chini. Dereva akigusa mpini mdogo kwa mkono mmoja, plau nzima huinuka kutoka ardhini. Zaidi ya hayo, ule mkono wa juu huipa pampu habari. Plau ikifika penye udongo mgumu, mkono husukumwa zaidi, na mafuta huiinua plau kidogo. Ikifika penye udongo laini, huishusha. Uzito wa plau na wa udongo ulio juu yake huyakalia magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi vizuri. Kwa hiyo trekta dogo jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta kubwa. Hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kuiongoza plau kwa mafuta aliipata mwaka 1926.

Msidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1925 alikuwa ameanza, pamoja na wenziwe wa Marekani, kuuza plau zilizotengenezwa kwa ajili ya trekta la Fordson. Mwaka 1928 kiwanda cha Ford kiliacha kulitengeneza trekta hilo nchini Marekani, na biashara yao ikafa. Ferguson akaamua kuunda trekta lake mwenyewe, na mwaka 1933 la kwanza likamalizika, limepakwa rangi nyeusi. Mwaka 1936 tajiri mmoja wa viwanda nchini Uingereza, David Brown, alianza kuyatengeneza mengine kwa mfano wake. Bei ya trekta ilikuwa pauni 224. Lakini wakulima walinung'unika, kwa sababu plau zao za zamani hazikuweza kufungwa katika trekta hilo. Kila chombo ilibidi kinunuliwe kipya. Yakauzwa machache, na Ferguson akakosana na Brown, kwa kuwa kila mmoja alishikilia shauri lake.

Mwezi wa Oktoba 1938 Ferguson alivuka bahari, akaenda Dearborn kuonana na Henry Ford, bwana mkubwa wa motokaa. Akalima mbele yake, kisha akaweka juu ya meza mfano mdogo wa trekta uendeshwao kwa kamani, kama mchezo wa watoto, akamweleza jinsi kiungo chake kinavyofanya kazi. Ford naye alikuwa mtoto wa mkulima, akafahamu mara moja. Wazee wale wawili wakapeana mikono kuwa ndiyo ahadi: Ford atengeneze matrekta, Ferguson ayauze pamoja na vyombo vyake. Hawakuandika hata karatasi moja. Mwaka 1939 trekta likatoka, na kufika mwaka 1947 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 300,000.

Lakini Ford alizeeka, na mjukuu wake akashika kazi mahali pake. Mwishoni mwa mwaka 1946 mjukuu alitangaza kwamba mapatano yale yatakwisha. Mwaka 1947 Henry Ford akafariki, na kiwanda chake kikatoa trekta jipya lenye kiungo cha Ferguson, bila Ferguson mwenyewe. Ferguson akaingia mahakamani, akidai zaidi ya dola milioni 250. Kesi ikaendelea miaka minne, ikamchosha sana. Mwaka 1952 ilimalizika kwa mapatano, akalipwa dola 9,250,000. Ahadi ya mkono ilikuwa ya kweli baina ya wale wawili walioitoa, lakini haikuwafunga waliokuja baada yao. Mambo makubwa yafaa yaandikwe.

Hata hivyo Ferguson hakungoja kesi imalizike ndipo afanye kazi. Mwaka 1946, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, trekta lake la rangi ya kijivu lilianza kutoka kiwandani. Watu wakalipenda kama mnyama wa nyumbani. Mpaka mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Mkulima mwenye shamba dogo aliweza kufunga nyuma yake plau, na baadaye kidogo haro ya kuvunja madongoa, au mashini ya kukata majani, au msumeno wa kukatia kuni, au chombo cha kuchimbia mashimo ya nguzo, au tela. Vingi vya vyombo hivyo vilifungwa kwa mikono ile ile mitatu, na mtu mmoja aliweza kuvifunga peke yake.

Ferguson alijua kwamba mashini nzuri mikononi mwa mtu mzembe ni hasara tupu. Kwa hiyo alihimiza watu wafundishwe kuitunza. Pamoja na trekta ilitolewa spana moja iliyofaa nati nyingi za trekta na vyombo vyake, nayo ilitiwa alama za inchi, ili mkulima aitumie pia kama kipimo anapoiweka plau sawa. Mwenye trekta hilo alipaswa kutazama mafuta na maji kabla ya kuwasha injini, kutia grisi penye viungo, na kukaza nati zilizolegea. Mafuta yanayolainisha gia ndiyo hayo hayo yanayoinua plau. Basi yakiingiwa na maji au mchanga, kazi yote huharibika. Kwa sababu ya utunzaji huo, mengi ya matrekta hayo ya zamani bado yanatembea, na wako watu wanaoyapenda wanaoyasafisha, kuyapaka rangi upya na kuyatafutia vyombo vyake vya asili. Hata Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958 kwa matrekta ya Ferguson, akivuka barafu tupu.

Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na ile ya Massey-Harris ya Kanada, na ndipo baadaye likapatikana jina la Massey Ferguson, ambalo limejulikana sana mashambani mwa Kenya, Tanzania na Uganda. Yeye mwenyewe alijitenga na kampuni mwaka uliofuata, akashughulika na motokaa zenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Alifariki nyumbani kwake Uingereza tarehe 25 Oktoba 1960, mwenye umri wa miaka 75.

Alikuwa mtu mgumu, mwenye kushikilia neno lake, na mara nyingi aliwaudhi waliofanya kazi naye. Lakini ugumu huo ndio uliomwezesha kulifuata jambo moja tangu ujana hata uzee bila kuliacha. Siku mtakapoona trekta limesimama kando ya shamba, zungukeni nyuma yake mtazame. Mtaiona mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Viwanda vingi vya dunia viliufuata mfano huo, na madereva wasiohesabika wamerudi nyumbani salama jioni kwa sababu yake.