Mtakatifu Jean-Marie Vianney na Shauri la Kuingia Seminari

Katika nchi ya Ufaransa, karibu na mji mkubwa wa Lyon, kuna kijiji kiitwacho Dardilly. Huko ndiko alikozaliwa Jean-Marie Vianney, tarehe 8 Mei 1786. Baba yake, Matthieu, alikuwa mkulima. Mama yake, Marie, alikuwa mcha Mungu, naye aliwafundisha watoto wake kusali tangu walipoanza kusema. Jean-Marie alichunga kondoo na ng'ombe wa baba yake, na alipopata nguvu akashika jembe. Shule aliiona kidogo sana.

Mwaka 1789 maasi makubwa yalitokea Ufaransa. Watawala wapya waliwataka mapadri waape kiapo kisichopatana na utii wao kwa Baba Mtakatifu. Wengi walikataa, kwa sababu hiyo walifukuzwa, wakafungwa, na wengine wakauawa. Waliobaki walijificha, wakasoma Misa usiku katika nyumba na ghala za wakulima. Jean-Marie alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799, akiwa na umri wa miaka 13, ndani ya nyumba moja ya kijiji cha Écully. Mbele ya madirisha yaliwekwa magari yaliyojaa majani makavu, ili mwanga wa mishumaa usionekane nje. Kijana huyo alitambua basi kwamba padri ni mtu awezaye kutoa uhai wake kwa ajili ya roho za watu. Tamaa ya kuwa padri ikaingia moyoni mwake, wala haikutoka tena.

Alimfunulia mama yake kwanza, naye mama akafurahi. Lakini baba alikataa. Msidhani kwamba Matthieu alikuwa mtu mbaya au adui wa dini. Nyumba yake ilikuwa imewapokea mapadri waliofichwa. Alikuwa na mahitaji mazito. Binti yake alikuwa anaolewa, na kwa desturi ya nchi ile baba wa binti ndiye atoaye mali. Tena mwana wake mkubwa alikuwa ameitwa jeshini, na baba alilipa fedha nyingi ili mtu mwingine aende mahali pake. Je, ampoteze tena kijana mwenye nguvu shambani, na kulipa gharama za masomo ya miaka mingi? Jean-Marie hakugombana na baba yake, wala hakutoroka. Alilima, akasali, akangoja. Baada ya miaka kama miwili baba alilegea, akatoa ruhusa.

Padri wa Écully, jina lake Balley, alikuwa amefungua shule ndogo nyumbani mwake kwa ajili ya vijana waliotaka kuwa mapadri. Jean-Marie alikwenda kukaa kwa shangazi mmoja wa ukoo wa mama yake kijijini humo, akaanza masomo akiwa na umri wa karibu miaka 20. Hapo ndipo ilipoanza taabu yake kubwa. Masomo yote ya upadri yalifundishwa kwa Kilatini, na Kilatini hakikukaa kichwani mwake. Alilojifunza jioni, asubuhi limepotea.

Siku moja mwanafunzi mwenzake, Mathias Loras, mtoto wa miaka kama 12, alikuwa akimweleza somo. Mtoto huyo alichoka, akakasirika, akampiga mbele ya wenzake. Jean-Marie, aliyekuwa mtu mzima mwenye mikono ya mkulima, alipiga magoti akamwomba mtoto msamaha. Mtoto akalia machozi, na tangu siku ile wakawa marafiki. Loras mwenyewe baadaye alikuwa askofu huko Marekani. Wahenga walisema kweli: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata hivyo moyo wake ulivunjika, akafikiri kurudi shambani. Kabla ya kukata shauri, alifanya hija mwaka 1806 kwenda La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu François Régis. Alikwenda kwa miguu njia ya kilomita kama 100, akiomba chakula kwa watu kama maskini. Hakuomba awe mwenye akili nyingi. Aliomba neema ya kujua Kilatini cha kumtosha. Aliporudi masomo yalikuwa bado magumu, lakini hakukata tamaa tena.

Mwaka 1809 jaribu jipya lilimpata. Wanafunzi wa upadri waliachiliwa kazi ya jeshi, lakini jina lake halikuandikwa katika orodha yao, naye akaitwa kwenda vitani Hispania. Akaugua, akalazwa hospitalini. Alipopata nafuu alikuta kikosi chake kimekwisha kuondoka. Akaishia kujificha katika kijiji cha milimani kiitwacho Les Noës, pamoja na wengine waliokimbia jeshi. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja kwa jina lisilo lake, akiwafundisha watoto kusoma na kusali. Nyumbani baba yake alisumbuliwa na askari kwa sababu yake. Mwishowe ndugu yake mdogo alijitoa kwenda jeshini mahali pake, ndipo Jean-Marie akaweza kurudi mwanzoni mwa mwaka 1811. Majuma machache baadaye mama yake alifariki. Na yule ndugu mdogo aliyekwenda vitani hakurudi tena nyumbani. Hivyo njia ya Jean-Marie ya kwenda altareni ililipiwa na wengine pia: mama aliyeombea, baba aliyeachilia, ndugu aliyekwenda.

Mwaka 1812 aliingia seminari ndogo ya Verrières, akiwa na miaka 26 katikati ya vijana wadogo. Mwaka 1813 akapokelewa katika seminari kubwa ya Lyon. Walimu walifundisha na kuuliza kwa Kilatini; yeye hakuweza kujibu. Baada ya miezi michache waliamua aondoke. Jean-Marie alitii. Akafikiri kwamba labda Mungu hamtaki kuwa padri, bali bruda, naye akataka kuingia katika shirika la Mabruda walimu. Padri Balley alimzuia, akamfundisha mwenyewe nyumbani kwake.

Alipojaribiwa tena mbele ya wakubwa alishindwa, kwa kuwa Kilatini kilimfunga ulimi. Padri Balley akaomba kijana aulizwe kwa Kifaransa. Ikawa hivyo, na majibu yake yalikuwa mazuri, tena yenye busara. Mkubwa aliyeshika mamlaka ya askofu siku zile aliuliza kama kijana huyo ni mcha Mungu, na kama anasali rozari vema. Alipohakikishiwa, akaamua aitwe; neema ya Mungu itatimiza yaliyopungua.

Tarehe 13 Agosti 1815 alipewa upadri katika mji wa Grenoble, akiwa na miaka 29. Alikuwa amekwenda huko peke yake kwa miguu. Mwanzoni wakubwa hawakumruhusu bado kuungamisha. Lakini mwaka 1818 alitumwa Ars, kijiji kidogo cha watu kama 230, naye akakaa huko miaka 41, mpaka alipofariki tarehe 4 Agosti 1859. Watu walikuja kuungama kwake kutoka mbali, makumi ya maelfu kila mwaka katika miaka yake ya mwisho, naye alikaa katika kiti cha maungamo hata saa 16 kwa siku. Baba Mtakatifu Pio wa 11 alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wote wa dunia.

Tazameni basi, ninyi mnaojiandaa kwa Ubatizo, jinsi shauri hili lilivyokatwa. Jean-Marie alitaka, lakini hakujiita mwenyewe. Alitaka kwa nia safi, akajaribu kwa nguvu zake zote, akakubali kupimwa, na Kanisa ndilo lililosema neno la mwisho. Alipoambiwa aondoke, aliondoka, alipoitwa, aliitika. Kijana anayesikia tamaa kama hiyo asiizike moyoni kwa hofu, wala asijisifu kwamba amekwisha kuchaguliwa. Na amwendee padri wake, amfunulie yote, kisha avumilie. Na wazazi, mtoto akiwaambia jambo hili, wasitazame tu shamba litakalokosa mkono mmoja. Mzee Matthieu alitoa mkulima mmoja wa Dardilly, na watu wasiohesabika walipata padri wa kuwaondolea dhambi.