Denis Burkitt: Mpasuaji aliyetambua kikomo cha kisu

NYAMARAMBE, kusini mwa Kisii, iko upande ambako milima ya Wagusii huteremka kuelekea nyanda zenye joto za Ziwa Victoria. Kwa mwenyeji, huo ni mteremko tu. Kwa Dkt Denis Burkitt, tofauti kama hiyo ya mwinuko ilikuwa ufunguo wa fumbo la saratani iliyowaangamiza watoto wa Afrika Mashariki.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11, alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alianza kusomea uhandisi chuoni Trinity, Dublin, kisha akageukia udaktari. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu kama daktari wa jeshi, Kenya ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Mnamo 1946 aliajiriwa Uganda, akaanzia Lira kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mnamo 1957 aliitwa kumwona mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alikutana na msichana mwenye uvimbe kama huo, tena na mwingine tumboni. Alipopekua kumbukumbu za Mulago, aligundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa figo, ini au ovari ulikuwa ugonjwa mmoja.

Upasuaji haukufaa kitu. Uvimbe ulikua upesi mno na kutokea sehemu nyingi kwa pamoja. Ukikatwa hapa, ulichomoza pale. Watoto walifariki baada ya miezi michache.

Mnamo 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini. Kwa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000, wakiuliza katika kila hospitali. Ramani iliyopatikana ilidhihirisha kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo ulikuwa nadra katika maeneo yaliyoinuka zaidi ya mita 1,500 hivi. Nyanda za ziwa ziliathirika, milima ilinusurika. Ramani hiyo ilishabihiana na ya malaria, ambayo baadaye ilithibitika kuchangia ugonjwa huo.

Mwaka huo huo, mtafiti Anthony Epstein alihudhuria mhadhara wake jijini London. Sampuli zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mnamo 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kugundua kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt naye aliweka kisu kando, akajaribu dawa za kuua chembe za saratani. Baadhi ya watoto walipona kabisa.

Baada ya kurejea Uingereza mnamo 1966, alitetea vyakula vyenye nyuzinyuzi, akiamini vinakinga dhidi ya saratani ya utumbo mpana. Aliaga dunia Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Leo, katika hospitali kubwa, saratani nyingi za tumboni hupasuliwa kupitia vitundu vidogo, hata kwa mikono ya roboti. Hata hivyo, saratani iliyopewa jina la Burkitt bado hutibiwa hasa kwa dawa, na mtoto aliyevimba tumbo hunusurika zaidi anapofikishwa hospitalini mapema.