Dakta Busia na Amri ya Siku 14

Marehemu Dakta Kofi Abrefa Busia, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Ghana, alizaliwa tarehe 11 Julai, 1913, mjini Wenchi, katika ukoo wa kitawala. Alisoma Achimota, kisha Oxford, na mwaka 1942 akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuteuliwa maofisa tawala wa Gold Coast. Baadaye alichunguza maisha ya Sekondi-Takoradi, mji wa bandari uliojaa wahamiaji waliofuata kazi. Hakuwa mtu asiyewajua wageni.

Mwaka 1959, akiwa kiongozi wa upinzani, alikimbia utawala wa Kwame Nkrumah. Aliishi ugenini miaka saba, akifundisha Uholanzi na Uingereza, hata jeshi na polisi walipompindua Nkrumah tarehe 24 Februari, 1966. Katika uchaguzi wa Agosti 1969 chama chake, Progress Party, kilitwaa viti 105 kati ya 140.

Tarehe 18 Novemba mwaka huo serikali yake ikatoa amri: mgeni asiye na kibali cha kukaa akipate katika siku 14, la sivyo aondoke. Raia walikosa kazi, na biashara ndogo ndogo nyingi zilikuwa mikononi mwa wageni. Wengi wao walikuwa Wanigeria, hasa Wayoruba, na baadhi walizaliwa papo hapo Ghana. Polisi wakakabidhiwa msako. Ye yote aliyepata kusimama kizuizini anafahamu ugumu wa kupambanua raia na mgeni kwa sura na lugha tu. Watu zaidi ya laki moja waliondoka, wakiuza mali kwa bei ya kutupa. Mashamba ya kakao yakapungukiwa vibarua. Serikali ina haki ya kujua nani anakaa nchini mwake, lakini siku 14 ni chache mno kwa mtu kuhamisha maisha yake. Busia, kuliko wengi, alipaswa kulitambua hilo.

Tarehe 13 Januari, 1972, akiwa London kwa matibabu, alipinduliwa na Kanali Ignatius Acheampong. Akawa mgeni tena, akafariki Oxford tarehe 28 Agosti, 1978.

Januari 1983 Nigeria nayo iliwapa wageni wasio na vibali majuma mawili. Waghana wapatao milioni moja walishika njia ya kwao, na wengi wakakwama Benin, kwani mpaka wa Ghana ulikuwa umefungwa tangu Septemba 1982. Ulifunguliwa mwisho wa mwezi huo wa Januari, wakapita.