Sayyid Ahmad bin Sumeit: Kadhi Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1277 wa Hijra, yaani 1861. Asili ya baba yake ni Shibam katika Hadhramaut, naye alikuwa mtu wa elimu na wa biashara. Kwa hivyo mtoto alilelewa na mambo mawili, kitabu na chombo. Alipobaleghe alishika unahodha akasafiri baharini, wala kazi hiyo haikumwachisha kusoma.

Katika zama za Sayyid Barghash alifanywa kadhi Unguja, naye angali kijana wa miaka ishirini na kitu. Cheo hicho wazee wengi hufa wakikitamani. Lau angetaka, angalikaa papo hapo kwa heshima hata mwisho wa umri wake. Lakini mwaka 1885 aliuacha ukadhi akasafiri kwenda Istanbul, na huko akakaa mbele ya Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni ambaye Waingereza walikuwa wamemtoa Malabar mwaka 1852. Basi yule aliyekuwa akihukumu watu akarudi kuwa mwanafunzi. Sultani Abdulhamid alimtunuku nishani, naye hakuridhika na nishani. Alikwenda Misri, akaenda na Makka, kila mji akitafuta wanavyuoni wake.

Mwaka 1888, baada ya kufa Sayyid Barghash, alirejea Unguja akapewa tena ukadhi. Kiti ni kile kile, ama aliyekikalia si yule wa kwanza, kwani alirudi na elimu aliyokuwa hanayo alipoondoka.

Na dunia nayo haikumngojea. Mwaka 1890 Unguja iliingia chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1896 mizinga ya manowari ilivunja jumba la Sultani. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuondoa utumwa. Tangu kurejea kwake hata kufa kwake walitawala masultani sita, mbali na Sayyid Khalid aliyekaa siku chache tu. Katika mageuzi yote hayo yeye aliendelea kuhukumu na kusomesha. Kadhalika aliandikiana na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, asione haya kuuliza mambo mapya ilhali watu walimwendea yeye kuuliza.

Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Abdalla Bakathir wa Lamu, ambaye umri wao ulikaribiana. Huyo naye hakutahayari kumfanya mwenziwe kuwa mwalimu wake, na kwa unyenyekevu huo akawa mwalimu wa watu wengi Unguja.

Wawili hao walifariki mwaka mmoja, 1343 wa Hijra, yaani 1925. Sayyid Ahmad alizikwa penye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, na mwanawe, Sayyid Omar, baadaye naye akawa kadhi Unguja.

Mwenye akili na azingatie. Sayyid Ahmad alibadili kazi, mji na mwalimu, asibadili dini yake wala kiu yake ya elimu. Nahodha hageuzi bandari aendayo kwa kuwa upepo umegeuka. Hugeuza tanga. Na anayekataa kuligeuza kwa kuona tayari anajua, huyo chombo chake hubaki pale pale alipokitia nanga.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu maulamaa wote wa pwani. Amin.