Vittorio Sella: Aliyekwea Himalaya kutafuta picha, si kilele

SEPTEMBA 1899, mvua kubwa ilinyesha katika mji wa Darjeeling, kaskazini mashariki mwa India, na kusababisha maporomoko ya ardhi yaliyoua watu wengi. Juu milimani, dhoruba iyo hiyo iligeuka theluji na kuyafunika mahema ya wasafiri waliokuwa wamepiga kambi chini ya Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani.

Kwa mpanda milima, theluji mpya ni mkosi. Huficha nyufa za barafu, huporomoka bila kutoa onyo na kuzima tamaa ya kufika kileleni. Lakini msafara huo ulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake mkosi huo uligeuka neema. Mbingu zilipotakata, milima ilisimama imevaa kanzu nyeupe kutoka kileleni hadi miguuni, naye akatega kamera yake.

Mtu huyo alikuwa Mwitaliano Vittorio Sella, wakati huo akiwa na umri wa miaka 40. Picha alizozileta kutoka safari hiyo ziliwaonyesha walimwengu pande za Himalaya ambazo hazikuwa zimewahi kupigwa picha.

Sella alizaliwa Agosti 28, 1859, mjini Biella, kaskazini magharibi mwa Italia, chini ya milima ya Alps. Jamaa zake walikuwa wenye viwanda vya kufuma nguo za sufu. Babake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mjuzi wa kemia, na mwaka wa 1856 alichapisha kitabu kuhusu ufundi wa kupiga picha, cha kwanza cha aina yake katika lugha ya Kiitaliano. Ami yake, Quintino Sella, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, ndiye aliyeasisi Chama cha Wapanda Milima cha Italia mwaka wa 1863.

Maji hufuata mkondo. Kijana huyo alirithi kemia kwa babake na milima kwa ami yake, kisha akaviunganisha viwili hivyo vikawa kazi ya maisha.

Babake alifariki mwaka wa 1876. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 20, Vittorio alikwea Monte Mars, mlima ulio karibu na kwao, akiwa na azma ya kupiga picha ya mandhari yote iliyouzunguka.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Enzi hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa papo hapo. Kioo kilipaswa kuingizwa katika kamera kingali kibichi, na picha kusafishwa kabla ya dawa kukauka. Kwa hiyo, mpiga picha wa mlimani alilazimika kwenda na hema la giza, chupa za dawa na maji, na kufanya kazi ya maabara penye baridi na upepo mkali.

Baadaye vilipatikana vioo vikavu vilivyotayarishwa mapema, lakini mzigo haukuwa mwepesi. Kamera kubwa ya Dallmeyer aliyoitumia Sella, iliyotengenezwa Uingereza, ilichukua vioo vya sentimita 30 kwa 40. Pamoja na miguu yake mitatu, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 18, na kila kioo kilikaribia kilo moja.

Hivyo basi, picha kumi zilimaanisha kilo kumi zaidi mgongoni, na kuteleza mara moja tu kungeweza kuvunja kazi ya majuma kadhaa. Sella alibuni matandiko ya wanyama na mikoba maalumu ya kubebea vioo hivyo ili visipasuke.

Isitoshe, alikuwa mpanda milima hodari kwa haki yake mwenyewe. Machi 1882 aliongoza kundi la kwanza kufika kilele cha Matterhorn majira ya baridi. Mwaka wa 1884 alifanya vivyo hivyo kwa Monte Rosa, na mwaka wa 1888 akauvuka Mont Blanc wakati wa baridi. Angeweza kuridhika na sifa hizo, lakini hakuridhika.

Kati ya mwaka wa 1889 na 1896 alisafiri mara tatu hadi milima ya Caucasus, ambayo ramani zake zilikuwa na mapengo mengi. Picha zake zilikuwa safi kiasi kwamba wanajiografia waliweza kuzitumia kufuatilia mabonde na mito ya barafu. Mwaka wa 1890 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunukia tuzo ya Murchison. Mwaka wa 1897 aliandamana na mwanamfalme Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, hadi Alaska, ambako Mlima Saint Elias ulikwewa kwa mara ya kwanza.

Ndipo ikaja Himalaya. Mwingereza Douglas Freshfield, aliyemfahamu kutokana na kazi yake ya Caucasus, alimwalika mwaka wa 1899 wauzunguke Mlima Kangchenjunga wenye urefu wa mita 8,586. Sella alikwenda pamoja na nduguye Erminio na msaidizi wake wa picha, Erminio Botta.

Tatizo kubwa halikuwa baridi pekee. Upande wa magharibi wa mlima huo uko Nepal, nchi iliyokuwa imefungiwa Wazungu wakati huo. Msafara uliamua kuingia kupitia Jonsong La, njia ya barafu iliyo juu ya mita 6,000, mbali na macho ya walinzi wa mpaka.

Aliyekuwa na ujuzi wa pande hizo alikuwa Rinzin Namgyal, mpima ardhi ambaye miaka ya 1880 alikuwa tayari amezipima kwa ajili ya idara ya upimaji ya India. Kwa hivyo, njia ambayo ilionekana ngeni machoni pa Wazungu haikuwa ngeni kwa watu wa huko.

Dhoruba ya Septemba ilikuwa imezima matumaini ya kukwea vilele vikubwa. Hata hivyo, msafara uliendelea, ukavuka hadi Nepal na kurejea Darjeeling ukiwa umeuzunguka mlima wote. Sella alirudi na picha za Siniolchu, kilele chembamba chenye kingo kali ambacho Freshfield alikihesabu miongoni mwa milima mizuri kuliko yote duniani. Alirudi pia na picha za Jannu na za ubavu wa magharibi wa Kangchenjunga.

Miaka saba baadaye, safari zake zilimfikisha kwetu Afrika Mashariki. Mnamo Mei 1906, Duke wa Abruzzi na watu wake, akiwemo Sella, waliteremka meli Mombasa wakiwa njiani kwenda milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Waliabiri gari la moshi hadi Kisumu, mji uliokuwa ukiitwa Port Florence, wakavuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi Entebbe, kisha wakaenda kwa miguu hadi Fort Portal.

Ruwenzori huvikwa mawingu karibu mwaka mzima. Wapagazi Wakonjo, wenyeji wa milima hiyo, waliupandisha mzigo kupitia tope na misitu yenye kuvu. Duke alifika kilele cha juu kabisa, Margherita, Juni 18. Kazi ya Sella ilikuwa ya namna nyingine: kukaa karibu na kamera na kungoja pazia la mawingu lifunguke kwa dakika chache. Mvumilivu hula mbivu, naye alitoka na picha za barafu iliyo karibu kabisa na Ikweta.

Mwaka wa 1909, akikaribia umri wa miaka 50, alirudi Asia na Duke huyo huyo. Safari hii lengo lilikuwa K2, mlima wa pili kwa urefu duniani wenye mita 8,611, katika safu ya Karakoram inayopakana na Himalaya, mahali ambapo leo ni Pakistan.

K2 uliwashinda. Walijaribu ukingo wa kusini mashariki, ambao tangu hapo huitwa Ukingo wa Abruzzi, lakini wakarudi nyuma. Duke akageukia Chogolisa na kufika karibu mita 7,500, kimo ambacho hakuna mpanda milima aliyewahi kukifikia wakati huo, kabla ya hali mbaya ya hewa kumrudisha akiwa karibu na kilele.

Kwa kipimo cha bendera, msafara huo ulishindwa. Kwa kipimo cha Sella, ulifaulu. Alipiga picha mto wa barafu wa Baltoro na majabali yanayouzunguka, mara nyingine akiunganisha picha kadhaa kuwa mandhari moja ndefu. Julai 31, 1954, Waitaliano wenzake walipofika kilele cha K2 kwa mara ya kwanza, walipitia ukingo ule ule wa Abruzzi.

Baada ya mwaka wa 1909 Sella hakwenda tena katika misafara mikubwa ya mbali, lakini hakuiacha milima. Mwaka wa 1935, akiwa na umri wa miaka 76, alijaribu tena kuukwea Matterhorn, akarudi baada ya mmoja wa waelekezi wake kupata ajali. Alifariki mjini Biella Agosti 12, 1943, Italia ikiwa katikati ya vita. Mwaka wa 1946, Mmarekani Ansel Adams, bingwa wa picha za milima, aliandika makala ya kumsifu. Hifadhi ya picha zake ingali Biella.

Tukimtaja Sella, ni haki tuwakumbuke pia waliobeba vioo vyake. Wanaonekana katika baadhi ya picha hizo kama vitone vyeusi juu ya weupe usio na mwisho. Bila migongo yao, hata kioo kimoja kisingefika juu, lakini wengi wao dunia haikuyahifadhi majina yao.

Sella hakuwahi kusimama juu ya kilele chochote kikuu cha Himalaya wala Karakoram. Alichoacha ni ushahidi, na kwa miaka ya karibuni thamani yake imezidi kuonekana. Mwaka wa 2009 mpiga picha Mwitaliano alirejea Baltoro kupiga picha kutoka sehemu zile zile alizosimama Sella. Huko Karakoram, sehemu kubwa ya barafu ilikuwa haijarudi nyuma sana.

Ruwenzori mambo ni tofauti. Mwaka wa 1906 milima hiyo ilihesabiwa kuwa na mito ya barafu 43 katika milima sita. Kufikia mwaka wa 2005, chini ya nusu ndiyo iliyosalia, katika milima mitatu tu. Miongoni mwa milima iliyopoteza barafu yake yote ni Luigi di Savoia, wenye kilele cha mita 4,627 kinachoitwa Sella kwa heshima ya mpiga picha huyo.

Kilele kilichopewa jina lake sasa ni mwamba mtupu. Anayetaka kuona jinsi barafu ya milima hiyo ilivyokuwa hana budi kurejea kwenye picha alizopiga Sella. Akiba, walisema wahenga, haiozi.