Célestin Freinet, mwalimu aliyetoa watoto darasani

Huku kwetu walimu wengi waliosoma pedagojia wamesikia jina la Freinet, lakini maisha yake hayajulikani sana. Alizaliwa mwaka 1896 kule Gars, kijiji kidogo cha milimani, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa angali anasomea ualimu wakati vita kuu ya kwanza ilipomkamata. Mwaka 1917 risasi ilimpiga kifuani, pafu likaharibika.

Mwaka 1920 akapewa darasa huko Bar-sur-Loup. Sasa hapo ndipo shida: pumzi hakuna. Kusema kwa nguvu mbele ya watoto siku nzima, hawezi. Tena aliona macho ya watoto hayako kwa kitabu, yako dirishani. Basi mchana akaanza kuwatoa inje: shambani, mtoni, kwa muhunzi, kwa seremala, kwa mfumaji wa nguo. Wakirudi, wanaandika kwa ubao yale waliyoona, na hayo ndiyo wanasoma. Kazi hii haikuomba franka hata moja.

Lakini kesho yake ubao unafutwa, wanarudi kwa kitabu kinachosema mambo ya fasi ingine kabisa. Ndiyo sababu mwaka 1924 alinunua mashine ndogo ya kuchapisha. Watoto wenyewe walipanga herufi moja moja, wakachapa habari zao, hata mashindano ya konokono waliyofanya darasani! Kisha wakazituma kwa watoto wa Trégunc, kule baharini Bretagne, nao wakajibu na habari zao.

Mwaka 1928 alihamia Saint-Paul, na huko mambo yaliharibika. Mtoto mmoja aliandika ndoto yake: ameua meya juu alikataa kuwapa vifaa vya masomo bure. Freinet akaichapisha. Mimi naona pale alikosa uangalifu, lakini mwalimu huyu alikuwa pia amelalamika juu ya uchafu wa shule, na wakubwa hawakumpenda. Mwisho wa 1932 matangazo ya kumshambulia yalibandikwa ukutani, wazazi wakagawanyika, na mwaka 1933 serikali ikamuondoa.

Yeye na bibi yake Élise wakajenga shule yao wenyewe Vence, ikafunguliwa 1935. Walipokea hata watoto wakimbizi wa vita vya Hispania. Mwaka 1940 alikamatwa juu ya siasa yake ya kikomunisti, akafungwa kambini, akatoka 1941.

Alikufa Vence tarehe 8 Oktoba 1966. Walimzika Gars, kijijini kwao.