Nikolai Vavilov

Nikolai Ivanovich Vavilov (Moscow, 25 Novemba 1887 – Saratov, 26 Januari 1943) alikuwa mtaalamu wa botania, jenetikia na kilimo kutoka Urusi. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya asili ya mimea inayolimwa na kwa mkusanyiko wa mbegu alioujenga mjini Leningrad (leo Sankt Peterburg), ambao wakati wake ulikuwa mkubwa kuliko yote duniani. Alitaka kupunguza njaa kwa kutumia aina nyingi za mbegu zilizotunzwa na wakulima wa nchi mbalimbali, lakini yeye mwenyewe alifariki gerezani kwa kukosa chakula wakati wa utawala wa Josef Stalin.

Maisha ya awali

Vavilov alizaliwa katika familia ya mfanyabiashara wa nguo. Baba yake alitoka katika ukoo wa wakulima maskini wa kijijini, akahamia Moscow na kufanikiwa. Mdogo wake, Sergei Vavilov, alikuwa mwanafizikia mashuhuri. Nikolai alipokuwa mtoto, njaa ya miaka 1891–1892 iliua mamia ya maelfu ya watu nchini Urusi.

Alisoma katika Taasisi ya Kilimo ya Moscow, na utafiti wake wa kuhitimu ulihusu konokono wanaoharibu mazao. Miaka 1913 na 1914 alikwenda Ulaya Magharibi kuendelea na masomo. Huko Uingereza alifanya kazi na William Bateson, mmoja wa waanzilishi wa jenetikia.

Katika miaka hiyo alichunguza kwa nini aina fulani za ngano hazishikwi na magonjwa kama kutu na ubwiri unga, ilhali aina nyingine zilizopandwa kando yake hufa. Aliona kwamba kinga hiyo hurithiwa. Kwa hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye aina nyingine kwa kuzichanganya, mradi mmea wenye sifa inayotakiwa upatikane. Kutafuta mimea hiyo kukawa kazi ya maisha yake.

Mnamo 1917 alikuwa profesa mjini Saratov, kando ya mto Volga. Mwaka 1920 alitangaza kanuni yake ya mifuatano inayolingana. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mimea yenye undugu wa karibu huwa na tofauti zinazofanana. Sifa ikionekana katika spishi moja, inaweza kutarajiwa kupatikana pia katika spishi iliyo jirani nayo.

Safari za kukusanya mbegu

Safari yake kubwa ya kwanza ilikuwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alitumwa Iran kaskazini kwa sababu askari wa Urusi walikuwa wakiugua baada ya kula mkate. Akakuta ngano yao ilichanganyika na mbegu za magugu yenye sumu. Kutoka huko aliendelea hadi milima ya Pamir katika Asia ya Kati. Aliona kwamba nafaka iitwayo rai ilikuwa gugu katika mashamba ya ngano ya mabondeni. Kadiri alivyopanda milimani ngano ilipungua kwa baridi na rai ikazidi, hata wakulima wakaanza kuivuna. Hivyo alieleza jinsi gugu linavyoweza kugeuka kuwa zao.

Mwaka 1921 alipewa uongozi wa idara ya botania ya kilimo mjini Petrograd, ambayo baadaye ilikuwa Taasisi ya Kilimo cha Mimea ya Umoja wa Kisovyeti. Mwaka huohuo njaa kali ilikuwa ikiua watu wengi katika bonde la Volga. Kuanzia hapo yeye na wenzake walisafiri Afghanistan (1924), nchi zinazopakana na Bahari ya Mediteranea na Ethiopia (1926–1927), China, Japani na Korea (1929), Meksiko na Amerika ya Kati (1930) na Amerika Kusini (1932–1933).

Katika safari hizo Vavilov alikwenda masokoni na mashambani. Alikusanya masuke, mbegu na mizizi, akaandika mahali na kimo, na namna zao linavyolimwa na kutumiwa na wenyeji. Vifurushi vilitumwa Leningrad, na mbegu zikapandwa tena katika vituo vya majaribio vyenye hali ya hewa tofauti. Kufikia mwaka 1940 mkusanyiko ulikuwa na sampuli zaidi ya 200,000.

Ethiopia

Vavilov alifika Ethiopia akipitia Djibuti. Mjini Addis Ababa alipokewa na Ras Tafari, aliyekuwa kaimu mtawala na ambaye baadaye alikuwa Kaisari Haile Selassie. Kisha alisafiri na msafara kupitia nyanda za juu hadi Eritrea. Alishangazwa na wingi wa aina za shayiri na ngano katika mashamba madogo ya wakulima. Alipata pia ngano ngumu yenye masuke yasiyo na ndevu, sifa ambayo kanuni yake ya mwaka 1920 ilikuwa imeitabiri.

Vitovu vya asili ya mazao

Kitabu chake kuhusu vitovu vya asili ya mimea inayolimwa kilitolewa mwaka 1926, akapewa Tuzo ya Lenin. Hoja yake ilikuwa kwamba mahali penye aina nyingi zaidi za zao fulani ndipo zao hilo lilipoanza kulimwa. Aliona pia kwamba vitovu vingi viko milimani, ambako mabonde yaliyotengana na tofauti za kimo vilisaidia aina nyingi kutokea. Kufikia mwaka 1935 alitaja vitovu vikuu vinane, na baadhi ya mazao aliyoyahusisha navyo ni haya:

- China: soya na mapichi
- India na Asia ya Kusini-Mashariki: mpunga, biringanya, tango, embe na ndizi
- Asia ya Kati: ngano ya mkate, dengu na karoti
- Asia ya Magharibi: aina kadhaa za ngano, rai na komamanga
- Mediteranea: zeituni na kabichi
- Ethiopia: tefu, shayiri, ulezi, mtama na kahawa
- Meksiko na Amerika ya Kati: mahindi na maharage
- Amerika Kusini: viazi mviringo, nyanya, karanga na muhogo

Orodha hiyo inaonyesha kwamba mahindi, maharage na muhogo, ambavyo leo ni chakula cha kila siku katika Afrika ya Mashariki, vilianza kulimwa na wakulima wa Amerika.

Wataalamu wa baadaye walirekebisha sehemu ya nadharia hiyo. Mmarekani Jack Harlan, ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Vavilov, alionyesha kwamba mahali penye aina nyingi si lazima pawe mahali pa asili, na kwamba baadhi ya mazao ya Afrika yalianza kulimwa katika eneo pana lisilo na kitovu kimoja.

Mgongano na Lysenko

Tangu mwaka 1929 Vavilov alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi za Kilimo ya Umoja wa Kisovyeti. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja, na njaa ya miaka 1932–1933 iliua mamilioni ya watu. Viongozi walidai mbegu bora zipatikane kwa muda mfupi sana.

Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa mwaka 1898, aliahidi matokeo ya haraka. Alidai kwamba mimea inaweza kubadilishwa kwa kubadilisha mazingira yake na kwamba mabadiliko hayo hurithiwa, akapinga jenetikia. Mwanzoni Vavilov alimsaidia, lakini baadaye alitetea jenetikia hadharani, hasa katika mijadala ya miaka 1936 na 1939. Lysenko aliungwa mkono na Stalin, na mwaka 1938 alifanywa rais wa akademia ileile. Mwaka 1939 Vavilov alichaguliwa kuwa rais wa Kongamano la Kimataifa la Jenetikia mjini Edinburgh, lakini hakuruhusiwa kusafiri.

Kukamatwa na kifo

Tarehe 6 Agosti 1940 Vavilov alikamatwa akiwa katika safari ya kukusanya mimea magharibi mwa Ukraine. Alishtakiwa kwa hujuma katika kilimo na ujasusi kwa ajili ya Uingereza. Tarehe 9 Julai 1941 alihukumiwa kifo. Mwaka 1942 adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20.

Alifungwa Saratov, mji aliowahi kufundisha. Mke wake Elena Barulina, mtaalamu wa dengu, alikuwa amehamia mji huohuo kwa sababu ya vita pamoja na mtoto wao, lakini hakujua kwamba mume wake alikuwa karibu. Vavilov alifariki tarehe 26 Januari 1943 akiwa amedhoofika kwa njaa, mwenye umri wa miaka 55.

Mbegu wakati wa kuzingirwa kwa Leningrad

Kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944 jeshi la Ujerumani lilizingira Leningrad, na mamia ya maelfu ya wakazi wakafa kwa njaa. Wafanyakazi wa taasisi, bila kujua mkurugenzi wao alikuwa wapi, waliendelea kulinda mbegu dhidi ya baridi, panya na wezi. Viazi vya shamba la Pavlovsk viliokolewa huku mizinga ikipigwa. Watunzaji kadhaa walikufa kwa njaa bila kula mkusanyiko, wakiwa katikati ya magunia ya nafaka. Mmoja wao, Dmitri Ivanov, alikuwa mtunzaji wa mbegu za mpunga.

Urithi

Mwaka 1955 mahakama ilifuta hukumu ya Vavilov. Lysenko alipoteza mamlaka yake katikati ya miaka ya 1960, na taasisi ya Leningrad ikapewa jina la Vavilov. Kasoko moja ya Mwezi imepewa jina la Vavilov kwa heshima ya Nikolai na Sergei.

Umuhimu wa mbegu za wakulima umeonekana mara nyingi tangu hapo. Kwa mfano, shayiri ya California iliposhambuliwa na ugonjwa wa virusi, kinga ilipatikana katika shayiri za Ethiopia. Leo nchi nyingi zina benki za mbegu, zikiwa pamoja na Ethiopia, ambayo yake ilianzishwa mwaka 1976, Kenya na Tanzania. Tangu mwaka 2008 nakala za mbegu kutoka duniani kote huhifadhiwa pia ndani ya mlima katika visiwa vya Svalbard, Norwei.